Mistari Mitatu ya Mgeni

Siku Efrazia, bibi shamba wa wilaya, alipokwenda kuwaambia wanafunzi wa shule moja huko Itiryo kwamba kilimo ni kazi ya heshima, nje ya dirisha la darasa kulikuwa na kundi la wanafunzi wakilima kwa adhabu ya kuchelewa namba ya asubuhi. Mwalimu Joram, aliyekuwa zamu wiki ile, alikuwa amempimia kila mmoja kipande chake, na majembe yalisikika mpaka ndani. Efrazia akapandisha sauti. Akasema kuna wataalamu wa udongo, wataalamu wa mbegu, wataalamu wa masoko, na kwamba wote hao walianzia kwenye dawati kama lile. Wanafunzi walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanaosikia tangazo la msiba wa kijiji cha mbali. Alipouliza nani angependa kusomea kilimo, kijana mmoja wa nyuma alinyoosha kidole dirishani.

"Madamu, wale pale wameshaanza masomo."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Joram naye akacheka, kisha akakumbuka kuwa yeye ni mwalimu, akakunja uso. Mkono mmoja tu ulikuwa juu, wa Eunice Machage wa kidato cha nne, msichana mrefu, mkimya, na mkono wenyewe aliunyoosha nusu nusu kama anayeogopa kugusa dari.

Efrazia hakuwa mwongo. Ni vizuri jambo hili lijulikane mapema, maana huko mbele pana mahali msomaji atatamani awe mwongo ili amchukie kwa raha. Aliyowaambia alikuwa ameyasoma mwenyewe kwenye mpango wa mradi wa serikali wa kuwavuta wanafunzi kwenye kilimo. Kila mwanafunzi atakayelima kipande kwao nyumbani, kwa mbegu ya mradi na kwa utaratibu wa mradi, angekaguliwa mazao yakiwa yamesimama shambani. Kamati ingefika kabla ya Nanenane. Watakaofanya vizuri wangesomeshwa chuo cha kilimo na serikali. Mpango ulikuwa na muhuri, na Efrazia aliamini kwamba kitu chenye muhuri hutokea.

Eunice aliondoka pale na mfuko mdogo wa mbegu za ulezi na kamba ya kupimia mistari. Njia nzima alikuwa amezikumbatia kifuani pamoja na madaftari.

Mzee Machage alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakulifanyia hata mkutano wa kijiji. Halafu akasema, "Utalima pale kwenye zizi la zamani."

Mokami, mama yake Eunice, aliacha kupepeta. Zizi la zamani ndilo lilikuwa ardhi bora ya nyumba hii. Ng'ombe wa baba yake Machage walilala pale miaka mingi, mpaka udongo ukawa mweusi wa mbolea, na mahindi na mihogo ya pale ndiyo iliyokuwa ikiwavusha mpaka Desemba. Vipande vingine vilikuwa vya mawe na ubishi.

"Baba Eunice, na sisi tutakula nini?"

"Tutakula huo ulezi. Kwani ulezi si chakula?"

Kisyeri, mdogo wake Machage, ambaye alikuwa na kipaji cha kufika chakula kinapoiva, hakuweza kunyamaza. "Kaka, zizi la baba unampa mtoto wa kike? Kesho akiolewa atalibeba?"

"Mura, mdogo wangu, nampa anayelima. Wewe ulipewa lile la mtoni, na mpaka leo linazaa nyasi."

Kisyeri akacheka, akanawa mikono. Mjadala uliishia hapo, lakini kijijini uliendelea. Watu walikuja kumwangalia binti wa Machage akipanda ulezi kwa kamba, mstari kwa mstari, wakati kila mwenye akili zake anamwaga mbegu kwa mkono. Ilipofika kupunguza miche wakaona kichaa kimekamilika, maana Eunice aling'oa ulezi mzima, wenye afya, akautupa pembeni. Mokami aliokota ile miche mkononi akaiangalia, akaumia kama aliyeona chakula kimemwagwa, lakini akairudisha chini. Alikuwa amemsikia binti yake asubuhi moja akiimba peke yake kule shambani, na Eunice si mtu wa kuimba.

Ukasimama, ule ulezi! Ulisimama mpaka waliocheka wakaanza kupita njia ya pale makusudi. Masuke yalikuwa manene, yamekunja vidole kama ngumi ya mtoto aliyeshika kitu asichotaka kukitoa. Eunice alikuwa na hesabu zake kichwani na alimwambia baba yake jioni: chuo ni miaka miwili, akimaliza anaajiriwa au anajiajiri, anarudi, zizi lote linakuwa shamba la mbegu. Shuleni, kwenye machaguo yake, aliandika chuo cha kilimo namba moja. Mwalimu Joram alimwuliza kama ana uhakika.

"Kamati inakuja, mwalimu," Eunice alijibu.

Katikati ya Julai ulezi ulikuwa umekomaa. Machage alipiga simu kwa Efrazia akiwa amesimama juu ya kichuguu ambapo mtandao unapatikana.

"Bibi Shamba, huku mali imeiva."

"Shikamoo mzee. Hongereni sana!" Efrazia alikuwa na furaha ya kweli. "Tunakuja wiki ijayo. Tafadhali msiguse kitu. Kamati lazima iukute umesimama, ikikuta mmevuna hawatampa Eunice alama."

"Hatugusi," Machage alisema. "Kwetu hilo huna haja ya kusema."

Na kweli hakuwa na haja. Marehemu baba yake Machage alikuwa mtu wa kauli moja: kilichoahidiwa mgeni, mgeni ndiye anayekianza. Aliwahi kumwahidi mkwewe beberu, mkwe akachelewa, na yule beberu akakaa zizini bila kuguswa mpaka akaota ndevu za kizee na kufa kifo chake. Watu wa Itiryo walilitaja jambo hilo hata kwenye mazishi ya mzee, kwa heshima. Machage alikulia ndani ya sifa hiyo, na sifa ya baba ni mzigo ambao mtoto wa kiume haombi lakini anaubeba.

Wiki ijayo ilikuja peke yake. Kamati haikuja nayo. Wakati huohuo wanawake wa jirani walikuwa wamepangiana risaga, ile kazi ya kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na zamu ya nyumba ya Machage ikafika. Wakaja alfajiri na visu vyao vidogo vya kukatia masuke, wengine na watoto mgongoni. Mokami alikuwa amepika uji wa kutosha kijiji, maana yeye ni shemasi wa Wasabato na kwake risaga haikunywa pombe. Machage akasimama mbele ya shamba.

"Mama zangu, leo hatuvuni. Kuna wageni wa serikali."

"Wako wapi?" mmoja akauliza, akiangalia huku na huku.

"Wako njiani."

Wanawake wakaangaliana. Walikunywa uji, wakashukuru, wakaondoka na visu vyao. Zamu ikiruka inakwenda kwa mwingine, ndiyo sheria, na kila mtu alijua kwamba kuirudisha itakuwa kuomba. Mokami alikusanya vikombe huku uso unamwaka. Hakuwahi kuwarudisha watu mlangoni kwake tangu aolewe.

Kisyeri alisubiri mpaka wa mwisho apite. "Kaka, yule beberu wa baba, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Baba alisifiwa sana. Lakini nyama hatukula."

Ofisi ya Efrazia ilikuwa Tarime mjini, chumba kimoja chenye meza tatu. Wakati mradi unaanza, meza zote zilikuwa na watu. Mmoja alistaafu, wa pili akahamishwa, na nafasi zao zikabaki viti viwili ambavyo ofisi ya jirani ilikuwa ikiviazima kwa vikao. Efrazia akabaki peke yake na shule za Tarime, na za Serengeti pia, ambako mwenzao hakuwahi kuajiriwa tangu mwanzo. Gari la mradi lilikuwa uani, limepandishwa juu ya mawe, kuku wa mlinzi wanataga kiti cha nyuma.

Kila Jumatatu alimwendea mkuu wake. Mkuu wake hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa kitu ambacho hana.

"Efrazia, bajeti imepita. Fedha ndiyo haijapita. Vumilia."

"Kuna mtoto Itiryo mazao yake yameshakomaa, bosi. Mafuta ya safari moja tu, naomba. Pikipiki inatosha."

"Kamati haipandi pikipiki. Na kwa nini uwafuate watoto wa wakulima kuwafundisha kupenda kilimo? Wanakijua tangu tumboni."

Efrazia alitaka kusema kwamba ndiyo hasa sababu, kwamba wanakijua kama adhabu na kama njaa, na hakuna aliyewaonyesha sura yake nyingine. Alirudi mezani, na simu ya Machage ilipoingia akajibu, "Wiki ijayo, mzee." Akajibu hivyo tena wiki iliyofuata. Jioni akirudi Nyamisangura, kwenye chumba chake cha kupanga, alijiambia kwamba akimwambia mzee avune, kamati itakuja kesho yake na Eunice atakosa kila kitu kwa sababu yake. Alikuwa anaulinda mlango uliokwishafungwa. Watu wengi wazuri hufanya hivyo.

Mwishoni mwa Julai mafuta yakapatikana, na matairi ya kuazima. Safari moja. Efrazia aliingia kwa mkuu wake akiwa na ramani ya Itiryo kichwani.

"Mtakwenda Mbalibali," mkuu wake akasema. "Kuna mgeni mkubwa anapita Serengeti, anataka kuona wanafunzi na mashamba. Itiryo baadaye."

Mbalibali watoto waliimba. Bustani ya mchicha ilikuwa imepandwa shuleni wiki hiyohiyo, na mgeni mkubwa akamwagilia kwa kopo mara moja, picha zikapigwa, akaingia kwenye gari lake. Efrazia alipewa fulana yenye maandishi ya mradi akaambiwa atabasamu. Wakiwa njiani kurudi, upande wa milima ya Tarime mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, na mvua ya kwanza ikaanza kupiga kioo. Dereva akasema mvua hii si ya msimu. Efrazia aliitoa simu kwenye mkoba. Neno lenyewe lilikuwa fupi, vuneni, na mtandao ulikuwepo. Aliishika simu mpaka Tarime mjini, kisha akairudisha kwenye mkoba, kwa sababu kusema vuneni kulikuwa sawa na kusema hatuji, na hilo hakuwa na ujasiri nalo.

Mvua ile ilinyesha mchana na usiku, ikapumzika, ikarudi. Machage alipanda kichuguu chake na mwavuli, akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mokami alimwona kutoka jikoni, mwanaume mzima ameinua simu juu ya kichwa kama anayewaonyesha mawingu, na hasira yake ikageuka huruma, kisha ikarudi kuwa hasira.

"Baba Eunice, tuvune."

"Niliahidi."

"Uliahidi watu. Hii ni mvua."

"Mama, na wakija kesho?" Eunice aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimebakiwa na hiyo nafasi tu."

Basi mama naye akarudi jikoni. Katika nyumba ile kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na ulezi ulikuwa nje.

Siku ya Nanenane walikaa wakasikiliza redio. Mtu mwenye sauti nzito alieleza kuhusu vijana na kilimo, na jinsi wanafunzi walivyohamasishwa. Kulikuwa na ngoma na makofi. Machage akaizima kabla hotuba haijaisha, akavaa mabuti, akaenda zizi la zamani. Mokami na Eunice wakamfuata. Masuke yalikuwa yamelala, mengine yamegusa ardhi, na kwenye vile vidole vilivyokunjwa kulikuwa kumetoka nyuzi za kijani. Ulezi ulikuwa unaota ukiwa juu ya mama yake.

Eunice alichuma suke moja akalipasua kiganjani. Alikuwa amesoma Biolojia na alijua jina la kitu anachokiona, lakini halikumsaidia. Akakaa chini kwenye matope, na sketi ya shule, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Baba yake hakujua afanye nini na mikono yake.

"Leteni visu," alisema mwishowe.

Walivuna wenyewe, watatu, na Kisyeri. Ni lazima isemwe kwamba Kisyeri alikuja bila kuitwa na hakutoa utani hata mmoja. Risaga haikuwepo, maana zamu ilikuwa imeshakwenda kwa wengine. Walipofika mwisho wa shamba, upande wa njia, Machage akawazuia.

"Hii mistari mitatu iacheni."

"Ya nini?" Kisyeri akauliza.

"Ya mgeni. Bado hajafika."

Mokami alimwangalia mumewe usoni, akapita mistari ile bila kuigusa.

Ulezi ulioota haupiki ugali. Unga wake ni mtamu utamu mbaya, unanata, na tumbo linaukataa. Una kazi moja tu duniani, nayo ni kimea cha pombe. Mokami alilijua hilo tangu siku ya kwanza alipoona zile nyuzi za kijani, na alijua pia ni nani kijijini ananunua kimea. Alivumilia mpaka unga wa kununua ulipokwisha na mbuzi wa pili akauzwa. Halafu akaanika ulezi, akajaza gunia nusu, akajitwika na kupita njia ya nyuma ya migomba, yeye ambaye kila Sabato husimama mbele ya akina mama akisema juu ya kileo.

Gati, mpika pombe wa kijiji, alikuwa anakoroga pipa. Alipomwona, mwiko ukasimama.

"Shemasi! Umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kuuza," Mokami alisema, akatua gunia.

Gati alifungua, akatia mkono, akanusa. Yeye ni mwanamke mwenye ulimi, na angeweza kusema mengi. Vijana wawili waliokuwa wakinywa pembeni walikuwa wanasubiri aseme.

"Huu umeota bila kupangwa," alisema. "Nusu yake imeota, nusu imeoza. Siwezi kukupa bei ya kimea."

"Nipe unayoweza."

Gati alimpa. Halafu akamsindikiza mpaka kwenye migomba, jambo ambalo hakuwafanyia wateja, na huko akasema kwa sauti ya chini, "Mama Eunice, lililobaki usibebe mwenyewe. Nitamtuma mtu achukue jioni. Na kanisani kwenu hawatasikia kwangu."

Mokami alitamani atukanwe. Matusi angeyajibu. Huruma ya Gati alitembea nayo mpaka nyumbani, na Sabato ile aliomba mwenzake asimame badala yake, akasema anaumwa kichwa.

Eunice naye alikwenda kwa Mwalimu Joram baada ya vipindi. "Mwalimu, nafasi ya kubadilisha machaguo bado ipo?"

"Ipo mpaka mwisho wa mwezi. Unataka kuweka nini?"

"Toa kilimo."

"Niweke nini?"

"Chochote, mwalimu."

Mwalimu Joram alimtazama. Alikumbuka alivyocheka siku ile darasani, akajisikia vibaya, akamwambia asichelewe namba kesho.

Efrazia alikuja Jumapili moja ya Septemba, kwa bodaboda, kwa nauli yake. Ijumaa iliyotangulia mkuu wake alikuwa amemwita akamwambia kitengo kimefungwa. Kuanzia wiki mpya angekaa kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, barabara ya Sirari, kuhesabu magunia ya wakulima wanapopita. Alikuwa amejiandaa kueleza yote hayo. Njia nzima ya kupanda Itiryo alirudia maneno, na alipofika kwenye ua wa Machage yakawa yamemwishia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bibi Shamba. Karibu. Tulikungoja."

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililomchoma. Mokami alileta kiti na chai ya rangi, akamsalimu bila kumtazama. Eunice alisimama mlangoni. Kisyeri alikuwa chini ya upenu, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha," Efrazia alianza. "Fedha haikuja. Nilikuwa nasema wiki ijayo kwa sababu..."

Machage aliinua mkono. "Kwanza shamba. Maneno baadaye."

Wakaenda wote. Zizi la zamani lilikuwa mabua matupu, isipokuwa upande wa njia, ambako mistari mitatu ilikuwa bado imesimama, kama kusimama ni neno lake. Ilikuwa myeusi, imeinamiana, na zile nyuzi za kijani zilikuwa zimekauka juu ya masuke. Hata hivyo mtu angeweza kuona kwamba ilipandwa kwa kamba. Ilikuwa imenyooka.

Machage akatoa kisu kidogo mfukoni mwa koti, akakigeuza mpini mbele.

"Ulisema tusiguse mpaka mgeni afike. Mvua ilitushinda, tukagusa. Lakini hii tulikuwekea. Anza."

Efrazia aliwaangalia mmoja mmoja, akitafuta mahali pa kucheka. Hakupaona. Akachukua kisu. Suke la kwanza lilivunjika mkononi likamwaga vumbi jeusi kwenye kiatu chake. Akakata la pili. Eunice akaja nyuma yake na kikapu, kama inavyofanyika siku zote, mmoja anakata na mmoja anapokea, na wawili hao wakaenda hivyo mstari mzima. Jua lilikuwa kali. Efrazia hakuwa ameshika kisu cha kuvunia tangu chuo, na kidole kikaanza kutoka damu.

"Madamu," Eunice alisema katikati ya mstari wa pili. "Mvua ilipoanza, uliiona?"

"Niliiona."

"Simu ya baba uliisikia?"

"Niliisikia, Eunice."

"Kwa nini hukutuambia tuvune?"

Efrazia alisimamisha kisu. Alikuwa na majibu ya bajeti, ya gari, ya kamati, ya meza tatu na mtu mmoja. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililojibu.

"Niliogopa kuwa mtu aliyekufungia mlango wa chuo," alisema.

Eunice alifikiri kidogo. "Ungetuachia ulezi," alisema, akasogeza kikapu mbele.

Walimaliza mistari yote mitatu. Machage aliangalia shamba lililobaki wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, akapokea kisu chake, akakifuta kwenye suruali.

"Sasa tumevuna," alisema, na akashukuru, kama mwenyeji anavyomshukuru mgeni aliyekubali kula.

Mokami alikipokea kikapu, akatia mkono, akanusa. "Huu hata Gati hauchukui," alisema, akaenda kuwamwagia kuku.

Efrazia aliuliza kuhusu machaguo ya shule, ingawa jibu alikuwa amelikisia. Eunice akamwambia ameyabadilisha. Aliulizwa ameweka nini, akasema hakumbuki vizuri, mwalimu ndiye aliyejaza. Kisyeri akakohoa na kutazama pembeni. Mwenye bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki mara mbili kuonyesha kwamba anachelewa.

Eunice alimsindikiza mpaka njiani. Alikuwa amemletea ile kamba ya kupimia mistari, imekunjwa vizuri, imefuliwa.

"Hii ni ya mradi," alisema.

"Kaa nayo."

"Hapana, Madamu. Utaihitaji. Mwakani ukienda shule nyingine, wapimie vilevile, mistari inanyooka. Ila ukiona mvua inakuja, waambie wavune."

Efrazia aliipokea kamba.

"Nitawaambia," alisema, akapanda. Hakukuwa na shule nyingine, na hilo nalo hakuweza kumwambia.